Kutoka mafunjo hadi miwa: kumfuata Eldana kuzunguka Ghuba ya Winam

Siku ya 1: Kisumu na Dunga

Wakulima wa miwa wa Nyanza humtambua nondo Eldana saccharina kwa tundu analoacha kwenye pingili na unga wa kahawia unaomwagika chini ya mua. Francis Walker alimwelezea kisayansi mwaka 1865 kwa vielelezo vya Sierra Leone vilivyotoka kwenye miwa, na tangu hapo vitabu vya kilimo vimemweka kwenye orodha ya wadudu wa miwa. Kwao hasa ni kinamasini. Alikuwa akila mafunjo na ndago kubwa za majini kabla ya mtu yeyote kupanda mua Afrika, na bado anaishi humo. Ndiyo maana safari hii ya kuzunguka Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Viktoria ulio Kenya, inaanzia majini, miwa itafuata.

Ni nondo wa familia ya Pyralidae, wale wenye "pua": vipapasio viwili vya mdomo vinavyochomoza mbele ya kichwa. Ndani ya familia hiyo yumo katika kundi la Galleriinae, kwa hiyo ni ndugu wa karibu wa nondo wa nta anayekula masega mizingani, na pia wa nondo wa mchele wa maghalani. Undugu huo una maana yake, na usiku mashambani utajionyesha.

Asubuhi ni ya vibali na vifaa. Kwa Kenya, anayekusanya wadudu kwa utafiti anahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ndani ya hifadhi anahitaji pia ruhusa ya Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Shamba la mtu lina mwenyewe: ombeni ruhusa na mseme mapema kwamba mtapasua mabua, kwa sababu mua uliopasuliwa hauuziki.

Mzigo wenyewe si mkubwa. Panga moja lenye makali, kisu kifupi cha kupasulia, lenzi ya kukuza mara 10, kibano laini, chupa ndogo za kioo zenye vifuniko vya wavu wa chuma, karatasi za tishu, spiriti ya asilimia 70 na nyingine ya 96, boksi la baridi, taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu, penseli na karatasi ngumu za lebo. Chupa za plastiki laini ziacheni. Kiwavi anayetoboa mua uliokomaa hashindwi na plastiki, na pamba iliyozibwa mdomoni ataitoboa usiku mmoja. Lebo iandikwe kwa penseli tu, maana wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti, na sampuli isiyo na mahali wala tarehe haina kazi.

Mchana tukaingia kinamasi cha Dunga kwa mtumbwi wa wavuvi. Kutembea ndani ya mafunjo si jambo la kujaribu: sakafu ni mizizi inayoelea, viboko hupita humo, na maji ya kandokando ya ziwa yana kichocho. Kaa mtumbwini au ukingoni, vaa buti za mpira, na mabua yakatwe na mtu anayeyajua maji hayo.

Funjo lililokomaa hufika mita 4 au 5, bua lake lina pembe tatu na ndani yake mna nyama nyeupe laini. Mabua mabichi yenye kichwa kilichochanua vizuri hayana faida kwa kazi hii. Chagua yanayoanza kugeuka kahawia, yaliyovunjika, au yenye kichwa kinachokauka. Kata chini kabisa, karibu na maji, kisha angalia ngozi ya nje polepole ukizungusha bua mkononi. Tundu la Eldana ni dogo, la duara, na mara nyingi limezibwa na kinyesi kilichoshikana kwa nyuzi za hariri. Kinyesi kibichi kina rangi ya kahawia hafifu na kina unyevu; kikiwa cheusi, kikavu, kinachomomonyoka, mwenyewe ameshatoka.

Kupasua kuna namna yake. Usipige panga katikati ya bua, utamkata kiwavi vipande viwili. Chomeka ncha ya kisu kwenye pembe moja, kipande cha urefu wa mkono juu ya tundu, kisha fungua kwa kuvuta pande mbili hadi njia aliyochimba ionekane yote.

Na huyu hapa ndani ya njia yake: rangi ya kijivu kinachoelekea kahawia, kichwa cha hudhurungi, ngao ngumu ya kahawia nyuma ya kichwa, na mwilini vibao vidogo vyeusi, kila kimoja na unywele wake. Akikomaa ana milimita 20 hadi 25 hivi, wengine zaidi. Mguse kwa kibano. Hajikunji. Anarudi kinyumenyume kwa kasi, anajipinda kwa nguvu, na akipata ukingo anajiangusha huku ananing'inia kwa uzi. Mwendo huo pekee unakwambia mengi kabla lenzi haijatoka mfukoni, maana viwavi wengine wa mabua ya huku ni wazito na wavivu. Wanaokusanya kwa mara ya kwanza humpoteza hapohapo, kati ya bua na chupa. Weka sinia jeupe chini ya bua kabla ya kulifungua.

Siku ya 2: Ahero na bonde la Nyando

Kutoka Kisumu hadi Ahero ni kama kilomita 25 kwa barabara ya Kericho. Hapa mto Nyando unapoelekea ziwani umezungukwa na mpunga, mifereji, mashamba ya mahindi, na mabaki ya kinamasi. Mafunjo na mazao yanapakana hatua chache, na mpaka huo ndio wa kuchunguza.

Siku nzima ilikuwa ya ndago na matete ya mifereji. Kati ya ndago, wa kutafuta zaidi ni Cyperus dives, mwenye mashina manene na majani makali yanayokata ngozi (mikono mirefu ya shati hapa si urembo). Vitabu vya zamani vinamwita Cyperus immensus. Huko Afrika Kusini ndiye mwenyeji mkuu wa Eldana porini, na viwavi hukaa chini karibu na mzizi. Ukikata kwa urefu wa goti utasema hakuna kitu. Ng'oa shina zima, suuza tope, kisha pasua kuanzia chini.

Tatizo la siku hii ni kwamba si kila kiwavi anayekaa ndani ya bua ni Eldana, na orodha nyingi za wadudu zimeharibika kwa uvivu wa kutofautisha. Chilo partellus, aliyeingia Afrika kutoka Asia miaka ya 1930, ana mwili wa rangi ya maziwa au waridi hafifu wenye mistari ya kahawia ya urefu na madoa yaliyopangwa kwa safu. Busseola fusca na Sesamia calamistis ni wa familia nyingine kabisa, Noctuidae: ngozi laini, waridi au krimu, bila madoa ya kuvutia macho. Geuza kiwavi tumboni utazame miguu ya nyama kwa lenzi. Vikulabu vya Busseola na Sesamia vimepangwa nusu duara kama mwezi mchanga, vya Chilo na Eldana vinafanya duara. Kwa hiyo duara likionekana, rudi kwenye rangi: mistari ni Chilo, kijivu chenye vibao vyeusi ni Eldana. Mwenye kuhifadhi kiwavi kwenye spiriti bila kumwandika rangi yake akiwa hai atapata taabu baadaye, kwa sababu spiriti hufuta mistari na waridi yote.

Mahindi nayo yalikaguliwa kando ya mfereji. Chilo huanza mapema, kwenye majani machanga ya katikati, na mche hufa moyo. Eldana huchelewa. Huja mahindi yakiwa yameshabeba, bua limekomaa, majani ya chini yamekauka. Afrika Magharibi ndiko anakoumiza mahindi zaidi; huku Mashariki sifa yake mbaya iko kwenye miwa.

Kukauka huko kwa majani ndiko kunakoeleza tabia zake karibu zote. Jike hatagi juu ya jani bichi lililo wazi. Ana mrija wa kutagia unaorefuka, naye huutumia kupenya nyuma ya ala kavu ya jani (sehemu inayokumbatia bua), ndani ya jani lililojisokota, au kwenye takataka zilizolala chini ya mashina. Mayai ni ya mviringo mrefu, ya njano, katika mafungu ya 50 hadi 100, na jike mmoja hutaga 400 hadi 600 kwa jumla. Yakikaribia kuanguliwa hubadilika kuelekea waridi. Kwa joto la huku huanguliwa baada ya siku 5 au 6. Kuyatafuta kunachosha kuliko kutafuta viwavi: shika ala kavu ya chini, ivute taratibu kutoka kwenye bua, ikunjue dhidi ya mwanga wa jua, na pitisha lenzi kwenye mikunjo. Mtu akikagua majani mabichi ya juu siku nzima ataondoka mikono mitupu hata katika shamba lililojaa.

Siku ya 3: Chemelil na Muhoroni

Kuanzia Awasi kwenda juu miwa inashika pande zote. Ukanda huu wa Nyando una mashamba makubwa ya viwanda na maelfu ya vishamba vya wakulima, na mua hapa mara nyingi hupita miezi 16 kabla ya kukatwa. Lori likichelewa unapita zaidi. Kwa Eldana kila mwezi wa ziada ni neema, kwa kuwa anapenda mua mzee, wenye majani makavu mengi, hasa ukiwa umepigwa na ukame. Mua wa miezi minne au mitano hausumbuliwi sana.

Hesabu ya shamba tulifanya hivi. Ingia ndani angalau mistari mitano ili ukingo usikudanganye. Chagua sehemu nne zilizo mbalimbali, kila moja kata mabua 25 bila kuchagua: shika bua la kwanza mkono unapofika, si lile lenye tundu. Hapo ndipo hesabu nyingi huharibika, kwa sababu jicho la mkaguzi huvutwa na mua mgonjwa na shamba linaonekana limekwisha. Ukingo unaopakana na mfereji au mafunjo ukatie sampuli yake peke yake na uuandike kando, usichanganye.

Menya majani, hesabu pingili zote za kila bua, kisha pasua kwa urefu. Andika vitu vitatu: pingili zilizotobolewa, viwavi hai, na pupa, yaani hatua kati ya kiwavi na nondo. Tuseme mabua 100 yana pingili 20 kila moja. Hizo ni 2,000. Zikitobolewa 60, uharibifu ni asilimia 3. Viwavi na pupa wote waliopatikana katika mabua 100 ni kipimo cha pili, ambacho Afrika Kusini hutumia kuamua shamba lipi likatwe mapema. Vipimo hivi viwili havisemi jambo moja. Cha kwanza kinaonyesha yaliyokwisha kutokea, cha pili kinaonyesha kinachokuja. Shamba linaweza kuwa na matundu mengi ya zamani na viwavi wachache, na hilo halihitaji haraka kama lenye matundu machache na pupa tele.

Pingili za chini ndizo zenye mali. Mua ukifunguliwa, njia ya kiwavi imezungukwa na wekundu unaopanda na kushuka kupita mahali alipofika mwenyewe. Wekundu huo ni kazi ya kuvu, mara nyingi wa jenasi Fusarium, wanaoingia kwa tundu lake na kula sukari. Majaribio ya Afrika Kusini yalionyesha kwamba baadhi ya aina za Fusarium humfanya Eldana akue vizuri zaidi na nyingine humfukuza. Kwa hiyo mnapochukua kiwavi kateni pia kipande cha pingili yake, mkifunge kwenye karatasi (si mfuko wa plastiki, kitaoza), muandike namba ileile.

Kiwavi mchanga haanzi kwa kutoboa. Siku zake za kwanza hutangatanga nje, anakula uchafu nyuma ya ala na kwenye vifundo, halafu huingia kwa ufa, kwa jicho la mua au kwa mzizi wa kifundoni. Hicho ndicho kipindi pekee ambacho dawa inaweza kumfikia. Akishaingia, mkulima ananyunyizia ngozi ya mua tu, na pesa inakwenda.

Pupa nao wana alama. Kiwavi hujifungia kwenye kifuko cha hariri kilichopakwa kinyesi, ndani ya bua au nyuma ya ala, lakini kwanza huandaa mlango wa kutokea. Fungua kifuko kwa kibano utaona pupa wa njano hadi kahawia mwenye ukingo mweusi ulioinuka katikati ya mgongo, wazi hata bila lenzi. Chilo na Busseola hawana.

Usiku tulibaki ukingoni mwa shamba. Nondo wengi wenye mitego ya harufu hunaswa kwa njia moja: jike hutoa harufu, dume hufuata, na harufu bandia ya jike humwita dume mtegoni. Kwa Eldana mambo yamegeuka. Dume ndiye anayeita. Ndiyo maana mtego wa aina ile inayomnasa Chilo hapa haufui dafu.

Jua likishazama na giza kushika vizuri, madume hupanda kwenye majani na kukaa jirani jirani, wachache pamoja, kila mmoja akipiga mbawa zake kwa kasi bila kuruka. Hutoa harufu kutoka kwenye tezi za mbawa na mashada ya nywele zilizofichwa tumboni, na pamoja na harufu hutoa mlio wa juu kupita uwezo wa sikio la mtu. Majike huja wenyewe na kuchagua. Ni desturi ya ukoo: madume wa nondo mdogo wa nta nao hukusanyika na kuita kwa mlio wa namna hiyo. Kifaa cha kusikilizia popo, kinachoshusha mlio hadi sikio lilisikie, kinatosha kuonyesha wako upande gani wa shamba. Taa nyeupe izimwe. Chini ya mwanga mwekundu wanaendelea na shughuli zao.

Nondo mwenyewe ni wa rangi ya kahawia hafifu ya jani kavu, mbawa zikiwa wazi ana takribani milimita 35, na katikati ya kila bawa la mbele kuna madoa mawili madogo meusi. Mbawa za nyuma ni nyeupenyeupe zenye mishipa ya kahawia. Jike ni mkubwa kuliko dume. Akitua kwenye ala kavu huku amekunja mbawa mgongoni, macho yanampita hivi hivi.

Siku ya 4: kurudi Kisumu

Siku ya kazi za ndani. Chupa zote zilifunguliwa, vipande vya mua vilivyoanza kuchacha vikabadilishwa, maji yaliyotuama yakafutwa. Kinachoua sampuli nyingi njiani si njaa. Ni joto la gari lililofungwa juani, na matone ya jasho la chupa ambamo viwavi wachanga huzama. Tishu iliyokunjwa chini ya kila chupa hunyonya maji hayo, na boksi la baridi likae na chupa moja ya barafu iliyofungwa kwa taulo, zisigusane.

Kila kiwavi chupa yake. Wakiwekwa pamoja, nyigu wa kimelea akitoka hutajua ametoka kwa nani na kwa mmea gani.

Wanaohifadhiwa kwa maumbo huchovywa kwanza kwenye maji yanayochemka kama dakika moja, kisha spiriti ya asilimia 70. Bila hivyo hugeuka weusi na kunywea. Wa vinasaba wasichemshwe, waingie moja kwa moja kwenye asilimia 96, na spiriti ibadilishwe kesho yake kwa kuwa maji ya mwilini huichanganya.

Siku ya 5: Yala na Ziwa Kanyaboli

Kinamasi cha Yala ndicho kikubwa kuliko vyote vya mafunjo nchini Kenya. Ziwa Kanyaboli lililo ndani yake limekuwa hifadhi ya taifa tangu 2010, na samaki wa asili walioangamia katika Ziwa Viktoria, kama ngege, Oreochromis esculentus, wamesalia humo. Hapa hatukukata bua hata moja ndani ya hifadhi. Ukaguzi ulifanyika nje ya mpaka, penye mashamba.

Sehemu ya kinamasi imekaushwa na kulimwa, na kando ya mifereji mafunjo yanachomwa kila kiangazi. Moto huo unaua viwavi walio juu na kuwaacha walio chini ya maji na tope, huku ukiteketeza nyigu na nzi wa kimelea pamoja na siafu na sisimizi wawindaji. Nondo wanaotoka baadaye wanakuta mafunjo mabichi yasiyo na jani kavu. Jirani yake kuna mua mzee wenye ala kavu kuanzia chini hadi kifuani. Kwa jike anayetafuta pa kuficha mayai, chaguo ni rahisi.

Historia yake kwenye miwa inafuata mkondo huohuo. Afrika Kusini aliripotiwa kwenye miwa mara ya kwanza mwaka 1939, katika bonde la Umfolozi, mahali pa vinamasi. Alitulia miaka ya 1950, akaibuka tena Hluhluwe mwaka 1970, na leo ndiye adui mkubwa wa miwa nchini humo. Tanzania, J. N. Waiyaki alimchunguza katika mashamba ya Arusha Chini, kusini ya Moshi, na kuchapisha matokeo mwaka 1974 kuhusu hasara aliyoisababisha. Uganda, D. J. Girling alieleza mwaka 1978 jinsi anavyogawana mabua na mabungua wengine. Tena si nondo mmoja asiyetofautiana: uchunguzi wa vinasaba umeonyesha makundi yanayoachana kijiografia, la magharibi mwa Afrika, la Bonde la Ufa, na la mashariki na kusini. Kwa hiyo mdudu wa kimelea anayemmudu Eldana wa Ghana asichukuliwe kwamba atammudu wa Nyanza bila kujaribiwa.

Kwa mkulima mwenye mua jirani na kinamasi, yanayofaa yanajulikana. Kuondoa majani makavu ya chini mua ukiwa bado shambani humnyima jike pa kutagia. Kazi yake ni nzito, na ikifanywa nusu haina faida. Mua ukatwe usawa wa ardhi, kwa kuwa kisiki cha urefu wa kiganja kinabaki na viwavi watakaotokea kwenye machipukizi ya msimu ujao. Vipande vilivyoanguka viokotwe. Mbolea ya naitrojeni isizidishwe, maana mua ulionenepeshwa kwa naitrojeni humlisha vizuri zaidi, hasa ukame ukifuata. Udongo wenye silika kidogo ukiongezewa silika, uharibifu hupungua, kwa sababu ngozi ya mua huwa ngumu kwa kiwavi mchanga. Hilo limethibitishwa katika majaribio ya Afrika Kusini. Na mbegu zichaguliwe safi. Pale penye mtambo wa maji moto, nyuzi 50 za Selsiasi kwa saa 2, dozi inayotumika dhidi ya ugonjwa wa kudumaa kwa machipukizi, huua pia viwavi waliomo ndani ya vipande.

Siku ya 6: Luanda Kotieno hadi Mbita

Kivuko kinavuka ghuba kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita, na chupa zilikaa kivulini njia nzima.

Mbita kuna kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, chenye jina la Thomas Odhiambo, aliyeanzisha taasisi hiyo mwaka 1970. Hapo Zeyaur Khan na wenzake, kwa kushirikiana na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, walikuza mfumo wa vuta-sukuma kwa ajili ya mahindi: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari husukuma nondo na kudhibiti kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na nyasi ya nepia pembezoni huwavuta. Mwaka 1997 walionyesha kwamba nyasi ya Melinis minutiflora, yenye unata na harufu ya molasi, hufukuza nondo na wakati huohuo humvutia nyigu Cotesia sesamiae anayewaua viwavi.

Wataalamu wa Afrika Kusini waliuhamishia mfumo huo kwa Eldana. Melinis hupandwa kwenye njia na kingo za mua ili kusukuma. Cha kuvuta ni ndago na mafunjo yenyewe, yaliyorudishwa kwenye vinamasi na mito iliyokuwa imelimwa hadi majini. Nondo anarudi kwao, na huko kuna maadui zake. Panapokosea ni hapa: Melinis ikiachwa bila kukatwa inatambaa ndani ya mua na kugombea maji, na ndago zikipandwa mahali pakavu hukauka, zikawa chanzo kingine cha mayai. Zinataka unyevu wa mwaka mzima.

Siku ya 7: Mbita

Chupa za Dunga na Nyando zilianza kutoa majibu. Baadhi ya viwavi walikuwa pupa tayari, na hao watachukua wiki moja hadi mbili kutoka. Kiwavi mmoja wa ndago alikuwa amelegea, hajipindi tena, na ubavuni mwake wameshikana mabuu wadogo wa njano wakimfyonza kwa nje, vichwa vimezama ngozini. Hiyo ni kazi ya nyigu wa familia ya Bethylidae, ambayo yumo Goniozus indicus, anayejulikana kumshambulia Eldana. Jike wa nyigu huingia ndani kabisa ya njia, humchoma kiwavi hadi apooze, kisha hutaga juu yake. Mwili mwembamba na bapa ndio unaomwezesha kupita kwenye kinyesi kilichosongamana. Nyigu wenye mrija mrefu wa kutoboa kutoka nje hawamfikii aliye chini mzizini.

Chupa ya namna hiyo isitikiswe na kiwavi asitupwe. Mabuu yakishiba yatafuma vifuko vya hariri pembeni mwa mzoga, na nyigu watakaotoka waingizwe kwenye asilimia 96 wote, madume na majike, pamoja na mabaki ya kiwavi na kichwa chake, kwa kuwa kichwa hicho ndicho kitakachothibitisha mwenyeji. Lebo ibebe mmea, sehemu ya mmea, urefu kutoka majini au ardhini, mahali, mwinuko, tarehe ya kukusanywa na tarehe ya kutoka. Chupa ambazo hakuna kilichotoka ndani yake baada ya siku 60 zifunguliwe na kupasuliwa kipande kwa kipande, na matokeo yaandikwe hata kama ni ukungu tu. Vifuniko vichemshwe kabla ya kutumika tena.